Wimbo wa Tisa wa Elinipa

Poli, Meru
Jumapili, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Elinipa,

Pokea salamu nyingi kuliko maparachichi yanayooza njiani hapa kwetu. Ukishtuka kuuona mwandiko huu, kaa chini kwanza. Sijafa. Waliokufa hawaandiki, na wanaokaribia kufa huandikiwa na mchungaji, naye mchungaji wetu mpya ana mwandiko safi kuliko huu. Kinachomshinda ni mahubiri tu. Anahubiri kama dalali wa viwanja.

Sisi ni wazima. Wifi yako Hanna anaumwa magoti lakini mdomo hauumwi. Elifuraha, binti yetu uliyemwacha anatambaa, sasa ni mwalimu mkuu, na kila nikifungua kinywa mbele ya wageni ananiangalia kama mwanafunzi aliyechelewa namba. Kahawa ya Baba tumeing'oa karibu yote, tumepanda parachichi. Meno yangu yamebaki sita na hayasalimiani.

Sasa sikia. Jumamosi ya wiki tatu zilizopita nilipeleka mikungu sokoni Tengeru. Kuna kijana anaitwa Calvin amefungua mgahawa wa kahawa pale, anawauzia wageni kahawa yetu wenyewe katika vikombe vya watoto kuchezea. Nikaingia nipumzishe kiuno. Ana spika kubwa kama jeneza. Mara nasikia mtu anaimba rege, tena kwa Kiswahili, anasema baridi ya Poli inaingia hadi kwenye uji. Nipa! Kahawa ilinipalia hadi ikatokea puani.

Nikamwambia Calvin, "Huyo ni mdogo wangu."

Akasema, "Mzee, kila babu anayeingia hapa ana dada aliyewahi kuimba."

"Nionyeshe jalada."

Akanionyesha kwenye simu. Wewe hapo, na nywele zako kama kichaka cha lantana, umesimama kwenye migomba ya Baba. Na pembeni kuna mjinga mmoja kashika mbuzi kwa pembe. Nikaweka kidole. "Huyu ni mimi." Calvin akaangalia picha, akaniangalia, akaangalia masikio. Akaniletea kikombe kingine.

Anasema kuna kampuni huko Uingereza imeitoa upya santuri yako, na vijana wa Ulaya wanaigombania. Miaka arobaini, Nipa! Sisi hapa kijijini tulikuwa tumekusahau vizuri kabisa, wao wamekufufua. Calvin ndiye aliyewaandikia, nao wakatupa anwani hii.

Nimesikiliza nyimbo nane. Wa tisa ulipoanza nikakumbuka mikungu yangu iko juani, nikatoka.

Njoo nyumbani. Njoo mwezi wa sita, kukiwa na baridi yako.

Kaka yako mwenye mbuzi,
Kaanaeli


Birmingham
20 Machi 2024

Kaka Kaanaeli,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa wifi Hanna, na Elifuraha mpe mkono.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, koti mwilini. Kiswahili changu kimeota kutu, nivumilie. Mimi nipo. Nimestaafu. Miaka ishirini na minne nilikuwa nawaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na wengi wao walikuwa watani kama wewe, kwa hiyo sikukukosa sana.

Kuhusu santuri, ni kweli. Kijana mmoja aliikuta katika maboksi ya mtu aliyefariki. Akanitafuta karibu mwaka mzima, akidhani nimekufa. Alipofika hapa akaniuliza kama nina kitu kingine chochote nilichoimba. Nikamwambia sina. Akanywa chai. Alipokuwa anavaa viatu nikamletea kanda moja niliyokuwa nimeiweka katika kopo la biskuti. Niliurekodi ule wimbo Nairobi mwishoni mwa mwaka 1987, na haukuwahi kutoka. Unaitwa "Jani". Ndio huo wa tisa.

Ajabu umesikiliza nane tu.

Kuja siwezi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nina shughuli ambazo haziachiki.

Wako,
Elinipa


Poli
28 Aprili 2024

Mdogo wangu Nipa,

Marahaba. Hanna anaitikia, na anauliza kama huko bado mnakula viazi tu. Mvua mwaka huu imenyesha kama imetumwa kutukomoa. Daraja la chini limekwenda, na choo cha mzee wa kanisa Lesikar nacho kimekwenda, kikiwa na ufunguo wake ndani. Watu wakapiga goti kumshukuru Mungu kwamba yeye mwenyewe hakuwemo. Mimi nilichelewa kidogo kupiga goti.

Shughuli gani hiyo ya siku tatu kila juma, mwanamke wa miaka sitini na sita? Umepata bwana? Kama ni bwana, mwambie akupe ruhusa ya wiki mbili. Kama hana adabu, mlete huku tumfundishe kupalilia.

Calvin amekuja hapa nyumbani na ile spika. Majirani wamejaa uani. Kina mama wa kwaya waliokuwa wanasema rege ni muziki wa bangi walitikisa mabega hadi vitenge vikalegea. Nami nilicheza, nikaonekana mwehu, ila nimezoea.

Wa tisa nimeusikia. Ala zimepangwa vizuri.

Hanna alilia. Akaniuliza, "Huyu mtu anayeimbwa humu, jani alilipeleka kwa nani?" Nikamwambia nyimbo ni nyimbo, mtu anaweza kuimba ameoa samaki.

Tutumie picha yako ya sasa. Nataka kuona kama bado una ile shingo.

Mimi, kaka yako wa darasa la nne,
Kaanaeli


Birmingham
16 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Poleni na mvua. Picha sitatuma.

Umeandika ala zimepangwa vizuri. Sasa nitakuuliza jambo moja, na nakuomba usinifanyie utani.

Unakumbuka Namanga, Agosti 1987. Wewe ulikuwa utingo wa lori la mahindi, mimi nilipanda basi kutoka Nairobi nikakukuta pale mpakani. Baba alikuwa amenifukuza miaka mitatu kabla, kwa sababu mwalimu wa kwaya hawezi kuwa na binti anayeimba baa. Nilikuwa nimechoka kufukuzwa. Nikakupa jani la sale, nimelifunga fundo kwa mikono yangu, nikalivingirisha katika kitambaa cheupe ili lisikauke. Nikakwambia, "Mpe Baba. Usiseme chochote, mpe tu."

Tulilelewa tukijua kwamba sale halikataliwi. Hata aliyeua, akituma mtu na sale, anayeletewa hulipokea, na ugomvi unaishia hapo. Hakuna Mmeru aliyekataa sale akabaki na jina.

Nilisubiri wiki sita. Ukaniandikia mstari mmoja: "Baba amenyamaza."

Nikajua nimezikwa. Kama Baba yetu, mtu wa haki kama yule, amelipokea sale akanyamaza, basi kosa langu halina jina. Ndipo nikaimba ule wimbo, ndipo nikaondoka Kenya, ndipo nikaacha kuimba. Ulipotuma telegramu mwaka 1991 kwamba amefariki sikuja, kwa sababu aliyekataliwa hakanyagi kaburi la aliyemkataa. Watu wa Poli bila shaka walisema nina moyo wa jiwe.

Nimeishi na lile neno moja miaka thelathini na saba. Sasa wewe ni mzee na mimi ni mzee. Nieleze. Alilipokea kwa mkono gani? Alikuwa amekaa wapi? Uso wake ulikuwaje?

Elinipa


Poli
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu za huku ni nzuri. Hanna mzima. Parachichi zimekuja kubwa kama vichwa vya watoto wachanga.

Barua yako ilikuwa mfukoni siku ishirini. Hanna akataka kuifua na shati, nikamfokea, akajua kuna kitu.

Lile jani lililiwa na mbuzi. Yule yule wa kwenye picha. Nilishuka kwenye lori Tengeru, nikapitia kilabuni kwa mbege kidogo, nikatundika koti kwenye uzio, na mbuzi

Hapana. Ngoja nianze upya. Karatasi hii siichani, acha uone nilivyo.

Hakuna mbuzi aliyekula kitu. Mbuzi yule tulimchinja Krismasi ya mwaka uliotangulia.

Nilifika na jani salama kabisa, bichi, kwenye kitambaa chako. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha ngozi kibarazani pale mbele. Akaniambia, "Kaanaeli, umerudi. Kaa." Halafu akamwita Hanna alete vikombe viwili vya chai. Viwili, Nipa. Wewe huwezi kulijua hilo kwa sababu wewe kikombe chako kilikuwepo siku zote. Tangu Mama afariki, nyumba ile ilikuwa na watu wawili, mwalimu wa kwaya na sauti yake ya kwanza. Mimi nilikuwa wa kushika mbuzi. Niliimba kwaya wiki moja, akanitoa mbele za watu, akasema mimi ni debe. Kila mtu alicheka, na mimi nikacheka zaidi yao, na tangu siku ile sijaacha kuchekesha, maana niligundua wakicheka hawakuangalii usoni.

Ulipoondoka ndipo akaanza kuniona. Polepole. Alinifundisha kupogoa kahawa. Aliniuliza habari za safari. Siku ile, na jani lako likiwa kifuani mwangu, akaniambia, "Wewe ndiye uliyebaki." Nikanywa chai.

Nikajisemea, nitampa kesho. Kesho nikasema baada ya Jumapili. Nilijua likifika tu mikononi mwake atasimama, atavaa kofia, atatembea kwa mguu hadi Nairobi, na mimi nitarudi kuwa debe. Siku ya kumi na moja nilifungua kitambaa, jani limekuwa la njano. Sale la njano unampaje mtu? Nikalizika kwenye shimo la maganda ya kahawa. Kitambaa nikampa Hanna, akafutia taa.

Ukaandika kuuliza. Nikaandika amenyamaza. Haukuwa uongo wote. Alinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kitu.

Hakujua, Nipa. Alikufa hajui kwamba uliomba. Na wewe umezeeka hujui kwamba hakukukataa. Katikati yenu nilikuwa nimekaa mimi, nakunywa chai.

Sikuombi kitu. Nilitaka kuandika utani mmoja hapa mwisho, nimeutafuta tangu ibada iishe, haupo.

Kaanaeli


Birmingham
2 Novemba 2024

Kaanaeli,

Nilipoipata barua yako niliiweka kwenye droo ya vijiko. Kila nilipotaka kijiko niliiona. Mwezi wa tisa wote nilikula kwa uma.

Sitasema nimekusamehe. Nimejaribu kuliandika hilo neno mara tatu, na kila mara linaonekana limeandikwa na mtu mwingine, mtu mwema kuliko mimi. Nilifanya hesabu: kutoka siku ile ya Namanga hadi Baba alipokufa ni miaka karibu minne. Basi la Nairobi mpaka Arusha lilikuwa la asubuhi na la jioni, kila siku. Naanza kuyahesabu mabasi nikiwa nimelala.

Uliniuliza kuhusu bwana wa siku tatu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa naunganishwa na mashine ya figo hospitalini, kwa muda wa saa nne kila mara. Ni mwaka wa pili sasa. Wauguzi hunichezea santuri yangu wakidhani wananifurahisha. Mashine haiwezi kuja Poli, na mimi siwezi kuiacha zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo usiniambie tena njoo. Ungeniambia njoo mwaka 1987.

Nataka mambo mawili. La kwanza, nenda kwenye kaburi la Baba, mchana, watu wakiwepo, umwambie kwa sauti kwamba mimi niliomba. Usimnong'oneze.

La pili, nijibu. Katika ile miaka minne aliwahi kunitaja? Kama hakunitaja, andika hakunitaja. Usinitengenezee kitu cha kunifurahisha. Nitajua. Unapodanganya, sentensi zako huwa fupi.

Elinipa


Poli
Jumapili, 8 Desemba 2024

Dada yangu Elinipa,

Leo salamu nakupa moja tu, pole. Pole ya mashine, pole ya mabasi.

Nimekwenda. Nilichagua leo baada ya ibada kwa kuwa Elifuraha alikuwa amekuja na watoto, na wazee wa ukoo walikuwa kwangu kwa shauri la mpaka wa shamba. Nikawaambia, "Kabla ya mpaka, twendeni kwenye migomba, nina neno na marehemu." Wakaanza kucheka wakiwa bado wamekaa. Ndivyo wanavyonijua. Lesikar akasema, "Leo Kaanaeli anakwenda kumkopa maiti."

Nikasimama kichwani pa kaburi, nikavua kofia. Nikasema, "Baba, Agosti elfu moja mia tisa themanini na saba Elinipa alikuletea sale. Aliniletea mimi nikuletee. Nikalificha hadi likakauka. Aliomba, Baba. Yeye aliomba." Kicheko kilikuwa bado kinatembea kwa wale wa nyuma waliokuwa hawajasikia vizuri, kikafa kimoja kimoja. Mzee Efraimu ambaye ni kipofu akauliza, "Amesema nini?" Ikabidi niseme tena yote. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Shauri la mpaka halikujadiliwa. Wazee waliondoka bila kunipa mkono, hata chai hawakugusa. Elifuraha alipakia watoto kwenye gari. Kabla ya kufunga mlango akaniuliza, "Kwa hiyo shangazi miaka yote tulikuwa tunamsema bure?" Nikasema ndiyo. Hanna yuko jikoni. Hajaniita kula, na giza linakaribia. Sijui kama ataniita. Sio la kukulilia wewe, nakueleza tu ilivyo.

Sasa la pili. Ulisema nikidanganya sentensi zinakuwa fupi, basi hii nitaiandika ndefu nikikumbuka kila kitu. Kwa jina hakukutaja, hilo nalisema wazi, tangu ulipoondoka hadi tunamzika sikumsikia akisema Elinipa wala Nipa. Lakini unaijua ile redio ya mbao, na unajua jioni hapa Poli tulikuwa tunaikamata Nairobi, sauti ikija na kuondoka kama mtu anayevuka mto. Mwaka wa mwisho wa uhai wake, miguu ikiwa imevimba, kila Alhamisi alikuwa anasema anataka kulala mapema, anafunga mlango wa chumba. Siku moja nilikuwa nje natoa maji kwenye pipa chini ya dirisha lake, nikasikia ile "Baridi ya Poli", wewe, ndogo ndogo, amepunguza sauti kabisa. Na chini yako kulikuwa na mtu mwingine anaimba. Nilidhani ni redio. Nikachungulia. Alikuwa amekaa kitandani na blanketi mabegani, amefumba macho, mkono wa kulia unapiga pigo kama mbele ya kwaya, anakuimbia besi. Maneno hakuyajua yote. Ubeti wa pili aliukosa, akaguna guna hadi kiitikio kikarudi, akaingia nacho. Mahali unapopandisha, yeye alishuka. Uliposhikilia ile sauti ya mwisho alinyanyua kidole kimoja juu, vile alivyokuwa anafanya kukwambia usikate pumzi, bado, bado, halafu akakishusha taratibu, na wewe mle redioni ukanyamaza wakati ule ule.

Akasikia ndoo yangu, akazima.

Nilirudi kwenye pipa nikamalizia kuteka maji.

Kaanaeli